Milango ya kabati yenye paneli: rauta, msumeno wa meza au randa ya mkono?

Ulinganisho huu ni wa mwenye karakana ya nyumbani: banda la bati nyuma ya nyumba Buhongwa, Kisesa au Nyegezi hapa Mwanza, umeme wa LUKU, meza moja ya kazi, na jiko linalosubiri milango kumi au kumi na miwili. Fundi anayekula kwa milango ana mashine zake na mazoea yake, hahitaji maneno yangu. Nawaandikia wanaotaka mlango wa mbao halisi, wenye fremu ya pande nne na paneli iliyoinuka katikati ikishuka kwa mteremko kuelekea kingoni, na mfuko wao unaruhusu kifaa kimoja kikubwa, si vitatu.

Kwa jiko la kwanza naegemea msumeno wa meza, na sababu nitazitoa. Ila hapa kando ya Ziwa Victoria ukavu wa mbao huamua uhai wa mlango kuliko mashine yoyote, kwa hiyo nusu ya maelezo haya haihusu mashine kabisa.

Mlango wa kulinganishia

Ili njia zote zipimwe kwa kipimo kimoja, tuchukue mlango wa upana wa milimita 400, urefu mm 700, unene mm 20. Fremu ina vipande viwili vya kusimama na viwili vya kulala, kila kimoja kina upana wa mm 60. Upande wa ndani wa fremu unakatwa mfereji wa upana mm 6 na kina mm 10, kuzunguka pande zote nne. Uwazi wa fremu ni mm 280 kwa mm 580, na paneli ya kujaza mifereji hadi mwisho ingekuwa mm 300 kwa mm 600. Hatuikati hivyo. Upana tunaushusha hadi mm 294 hivi, ibaki nafasi ya mm 3 kila upande, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu haisogei kiasi cha kukusumbua. Huko mm 1 kila mwisho inatosha.

Paneli haipakwi gundi. Gundi ni ya pembe nne za fremu tu, paneli yenyewe inaachwa huru ndani ya mifereji. Ukiibana kwa gundi au kwa misumari midogo, itapasuka, na kwa kawaida itachagua mwezi wa saba au wa nane.

Upana wa mm 60 nao sikuuchagua kwa urembo. Bawaba za kujificha, hizi za jikoni za siku hizi, zinataka tundu la kipenyo cha mm 35. Tundu likianza mm 4 kutoka ukingo wa nje, linafika mm 39. Kwenye fremu ya mm 60 mfereji uko mm 50 kutoka ukingo huo, kwa hiyo imebaki mbao ya kutosha kati yao. Wengi hukata fremu ya mm 45 ili kubana mbao. Hapo mfereji unaanza mm 35, na tundu la bawaba linatobokea ndani yake. Mlango unapendeza mezani, ukifungwa tu bawaba inaanza kucheza.

Rauta

Rauta, mashine inayochonga mbao kwa biti inayozunguka kwa kasi, ndiyo inayotoa mlango unaofanana na wa dukani. Unahitaji jozi ya biti za fremu: moja inachonga urembo wa ukingo pamoja na mfereji kwa mpito mmoja, ya pili inachonga miisho ya vipande vya kulala ili iingiane na urembo ule. Kisha inakuja biti kubwa ya kuchonga mteremko wa paneli. Pembe zinakaa bila patasi. Ukishapata urefu sahihi wa biti, mlango wa kumi unatoka sawa na wa kwanza, na kwa hilo rauta haina mpinzani.

Shida yote iko kwenye ile biti kubwa. Aina ya kulala, ambayo paneli huipitia ikiwa imelazwa mezani, ina kipenyo cha kuzidi mm 80. Izungushe kwa mizunguko 22,000 kwa dakika, na kingo zake zinakwenda zaidi ya mita 90 kwa sekunde. Inatakiwa iende mizunguko 10,000 hadi 12,000, kwa rauta ya wati 1,500 au zaidi, yenye kirekebisho cha kasi, iliyofungwa chini ya meza ya rauta. Kuiendesha kwa mkono, rauta juu na mbao chini, ni jambo la kukataa hata ukiona video ya mtu anafanya.

Rauta rahisi kuipata madukani ni trima ndogo ya wati 500 hadi 700. Nzuri sana kwa kuzungushia kingo na kukata mifereji myembamba, lakini haina nguvu wala koleti (kishikio cha shina la biti) ya kubeba biti ya paneli. Hapa ndipo pesa za watu hupotea: wanaagiza seti ya biti kwa sababu bei inashawishi, biti zinafika, hazina pa kuingia. Hata ukiwa na rauta kubwa, pima shina. Nusu inchi ni mm 12.7, na kuna biti nyingi za mm 12 kamili. Shina la mm 12 ndani ya koleti ya nusu inchi linaonekana limekaza, halafu linateleza katikati ya kazi. Robo inchi na mm 6 zina mtego uleule. Nenda dukani na rauta yako, au angalau na koleti yake mfukoni, na uingize biti kabla ya kulipa.

Kuna biti ya paneli ya kusimama, nyembamba zaidi, kipenyo chake karibu mm 38. Paneli husimamishwa wima ikiegemea ubao mrefu wa kuongozea. Inavumilia rauta yenye nguvu kidogo, lakini haiwezi mlango wenye tao. Ukitaka tao juu ya mlango, kama zile za makabati ya zamani ya sebuleni, biti ya kulala yenye beringi ndiyo itakayokufikisha. Msumeno hauwezi, na kwa mkono utachonga wiki nzima.

Namna ya kuchonga: mm 2 au 3 kila mpito, usijaribu yote mara moja. Anza na miisho ya paneli, ambako biti inakata kukingama na nyuzi, ndipo ufuate pande ndefu. Vibanzi vinavyong'oka kwenye kona ukichonga miisho vinaondoka vyenyewe ukipita pande ndefu. Ukifanya kinyume utabaki na kona zilizomeguka na hakuna mpito wa kuzisafisha. Paini ikianza kuacha mstari wa kahawia uliochomeka, ama umesimama katikati ya mpito au biti imevaa utomvu. Ifute kwa mafuta ya taa ikiwa imetolewa kwenye mashine na imepoa.

Msumeno wa meza

Huu una bladi ya mm 250 inayoinama. Sababu yangu ya kuutanguliza ni moja: unachana mbao, unakata mfereji, unakata ulimi (ncha nyembamba inayoingia kwenye mfereji) na unachonga mteremko. Jiko likiisha, bado una msumeno wa kutengenezea kitanda. Biti ya paneli haina kazi ya pili.

Mfereji kwenye msumeno ni kazi ya kupendeza. Bladi ya kawaida inakata pengo la mm 3 hivi. Panga bladi karibu na katikati ya unene wa kipande, pitisha, kisha kigeuze kichwa kiwe mkia na upitishe tena. Kila uso umepata zamu ya kuegemea ubao wa kuongozea, kwa hiyo mfereji wa mm 6 umekaa katikati kabisa, hata kama hukupima katikati. Miisho ya vipande vya kulala unaikata ulimi mfupi wa mm 10 unaoingia kwenye mfereji uleule, hivyo vipande hivyo vinakatwa urefu wa mm 300: uwazi wa mm 280 na ndimi mbili.

Ulimi huo mfupi ni udhaifu wa kweli. Eneo la gundi ni dogo. Mlango wa jikoni wa mm 700 unastahimili vizuri, mlango wa kabati la nguo wa mita 1.8 hautastahimili. Kwa huo chimba tundu la kina cha mm 30 kwenye kipande cha kusimama na urefushe ulimi, au tia vijiti vya mbao vya mviringo kwenye pembe.

Mteremko unataka uangalifu zaidi. Paneli ina unene wa mm 18. Ilaze kwanza kwenye meza na ukate bega, yaani mkato wa kina cha mm 3 ambao mteremko utaishia, mm 40 kutoka kingoni, pande zote nne. Kisha inamisha bladi nyuzi 15 hivi, simamisha paneli ikiegemea ubao mrefu wa kuongozea wenye kimo cha mm 250 au zaidi, na ukate mteremko kutoka kingoni hadi kwenye bega. Pengo linalozunguka bladi kwenye meza lizibwe kwa kibao kilichokatwa na bladi yenyewe, la sivyo ukingo mwembamba wa paneli utazama humo katikati ya mkato. Bladi iiname kuelekea mbali na ubao wa kuongozea, ili kipande kinachokatika kianguke huru. Kikibanwa kati ya bladi na ubao kinarudi kwako kwa kasi.

Kitu ambacho maelezo mengi hukiruka: mteremko wa msumeno ni kabari. Ukingoni paneli ina mm 4, lakini mm 10 kuelekea ndani ina karibu mm 7, na mfereji wako ni mm 6. Leo, mbao ikiwa kavu, inaingia. Mvua zikija paneli inatanuka, kabari inasukumwa ndani ya mfereji na kuupanua hadi ufa uonekane kwenye fremu. Dawa yake ni randa ndogo: punguza ukanda wa mm 12 wa ukingoni, popote unene unapozidi mm 5.5, uwe bapa. Kupima chukua kipande cha fremu kilichobaki, chenye mfereji, urefu wa kidole, ukitelezeshe kwenye ukingo wa paneli kuzunguka pande zote. Kinapokwama weka alama ya penseli na urande hapo. Kikizunguka paneli nzima bila kukwama na bila kuning'inia, imekubali. Biti ya rauta inaacha ulimi bapa yenyewe, kwa hiyo hapa rauta inashinda waziwazi.

Kwenye karakana nyingi za mitaani msumeno wa meza ni meza ya chuma iliyochomelewa, mota na mkanda, bladi isiyoinama. Hata huo unaweza kutoa paneli: badala ya kuinamisha bladi, tengeneza ubao wa kuongozea ulioinama nyuzi 15. Ila meza hizo mara nyingi hazina kikinga bladi wala lile bamba la nyuma linalozuia mbao isibane. Ukiazima ya jirani, kata mteremko tu na uende ukachane mbao kwingine.

Randa ya mkono

Hii naisema kwa ufupi kwa kuwa anayeichagua huwa tayari anajua sababu. Randa mbili, patasi ya mm 6, msumeno wa mkono, guniya (kipimo cha pembe mraba), na randa ya mfereji. Ukiikosa hiyo ya mwisho, trima yenye biti ya mm 6 inaziba pengo vizuri. Tundu na ulimi vilivyochongwa kwa mkono hutoa pembe imara kuliko njia mbili zilizotangulia, haina kelele usiku, na TANESCO wakikata umeme kazi inaendelea. Kwenye paini na mtiki mteremko unatoka safi. Kwenye mvule, ambao nyuzi zake hupishana, randa inanyofoa nyuzi hata ikiwa imenolewa vizuri, na utaishia kwenye msasa. Milango miwili au mitatu, sawa. Kumi na miwili, hapana.

Kwa jicho la haraka:

| | Rauta na meza yake | Msumeno wa meza | Randa na patasi |
|---|---|---|---|
| Kifaa kinachokwamisha | Rauta ya wati 1,500+ yenye kirekebisho cha kasi | Bladi inayoinama, ubao mrefu wa kuongozea | Muda na mkono uliozoea |
| Pembe za fremu | Nadhifu, zina urembo | Ulimi mfupi, mraba | Imara zaidi |
| Ulimi wa paneli | Bapa moja kwa moja | Kabari, unarandwa | Unavyotaka |
| Tao | Ndiyo | Hapana | Kwa taabu |
| Usafishaji | Msasa kidogo | Alama za bladi, msasa mwingi | Karibu hakuna |
| Inafaa kuanzia | Majiko mawili na zaidi | Jiko moja | Milango 2 au 3 |

Mstari wa mwisho una neno moja zaidi. Mwenye trima tu tayari anaweza kuunganisha njia: fremu kwa trima na patasi, mteremko kwa msumeno wa karakana ya jirani. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kuranda mbao zote ziwe na unene mmoja pia ni afadhali ulipie kwenye mashine kubwa ya mtaani, kwa sababu fremu ikiwa mm 20 huku na mm 19 kule, hakuna njia kati ya hizi itakayokupa pembe iliyolala sawa.

Mbao ipi

Mninga ndio wa kwanza, na si kwa mazoea tu. Husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi tunazozipata, ukikauka unatulia, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Asili yake ni misitu ya miombo, ile ya Tabora na Kigoma kwa upande wetu. Bei ni kubwa, na unapaswa kuuliza karatasi: risiti, na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwenye mbao. Muuzaji anayekasirika ukiuliza, muache na mbao zake.

Mvule ni mgumu zaidi kwa vifaa. Ndani yake mara nyingine kuna mawe, chokaa iliyoganda ndani ya shina, na bladi ikilikuta jiwe moja meno yanakwisha. Ukiwa na rauta yenye biti za bei, fikiria mara mbili. Mtiki una mafuta yanayosumbua gundi, kwa hiyo sehemu za kuunganishwa zipigwe msasa muda mfupi kabla ya gundi, si jana yake. Mkongo ni mzuri na mzito, ila kwa milango ya jikoni uzito huo unalipwa na bawaba.

Paini ndiyo mbao ya wengi wetu, na kwa karakana ya nyumbani naiona chaguo la akili kuliko watu wanavyoisema. Mashamba ya serikali ya Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kisiwani Ukerewe yako ndani ya mkoa wetu, na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Buhindi haupangi foleni ya kivuko. Chagua ubao wa inchi 1 kwa 8 wenye vifundo vichache, uliochanwa mbali na kiini cha mti. Kataa ule wa kijani. Rangi hiyo ni dawa ya mchwa ya mbao za kupaulia, ambayo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki. Vumbi lake halifai kuvutwa puani, sembuse kuwa mlango wa kabati la vyombo.

Mkaratusi niuache. Unajipinda.

Na MDF, ubao wa kiwandani wa unga wa mbao uliogandamizwa? Kama milango itapakwa rangi nzito, nyeupe au kijivu, na si kuonyesha mbao, basi paneli ya MDF ndani ya fremu ya mbao ni jibu zuri. Haitanuki kwa upana kama mbao, unaweza hata kuipaka gundi ndani ya mfereji, na mlango unapata nguvu zaidi. Adui yake ni maji. Chini ya sinki, ambako bomba huvuja polepole bila mtu kuona, MDF inavimba na hairudi. Hapo weka mbao.

Ukavu, na mwezi unaojenga

Mazungumzo ya kununua mbao huwa hivi:

"Kaka, hii imekauka kweli?"

"Imekauka ngosha, iko hapa toka mwezi wa tano."

Huenda ni kweli iko hapo toka mwezi wa tano, lakini imelaliana na nyingine bila vijiti kati yake, turubai juu. Ubao wa juu kabisa umekauka, wa katikati ya rundo bado una maji. Chagua uutakao, kisha omba kipande kifupi kikatwe kutoka sehemu ya ndani ya ubao, si mwishoni, maana miisho hukauka kwanza na hudanganya. Nyumbani kipime kwa mzani wa jikoni, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito usiposhuka tena, upime mara ya pili. Kikiwa gramu 480 kabla na gramu 428 baada, maji yaliyotoka ni gramu 52. Gawanya kwa uzito mkavu na unapata asilimia 12. Hapo unaweza kujenga. Ukipata asilimia 20, ubao unarudi bandani.

Huna oveni? Pima kipande kila Jumapili. Uzito ukigoma kushuka, mbao imelingana na hewa ya banda lako. Paini ya inchi 1 iliyopangwa kwa vijiti vya unene mmoja kila sentimita 40 au 50, kivulini penye upepo, mara nyingi inafika huko kwa miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Mninga unataka subira zaidi. Paka rangi au nta kwenye miisho ya mbao ili isichanike.

Hata mbao iliyokauka haitulii moja kwa moja, kwa sababu hewa ya Mwanza yenyewe haitulii. Mvua za vuli huanza Oktoba, masika hufika hadi Mei, kisha Juni hadi Septemba hewa inakauka. Unyevu ndani ya mbao ukipanda au kushuka kwa asilimia 4 tu, paneli ya paini ya mm 300 inabadilika upana kwa karibu mm 3. Ya mninga hubadilika chini ya mm 2. Ndiyo sababu nafasi ndani ya mfereji inategemea mwezi unaojenga, jambo ambalo michoro ya nchi za baridi haitakuambia kwa kalenda yetu.

Ukijenga Agosti, paneli iko kwenye wembamba wake wa mwisho. Iache nafasi kamili ya mm 3 kila upande, itahitaji kutanuka. Ukijenga Aprili, paneli tayari imevimba, na kuiachia mm 3 ni kuipunja: ikisinyaa inaweza kuteleza upande mmoja na kuacha mwanga upite upande wa pili. Mwezi huo mm 1 hadi 1.5 kila upande inatosha, yaani paneli ya mm 297 au 298 badala ya 294. Kama una uhuru wa kuchagua, jenga kati ya Julai na Septemba, mbao iwe imekaa ndani ya nyumba wiki kadhaa.

Ili paneli ikae katikati kila wakati, wenzetu wa ng'ambo wanauziwa vijipira vya kutia ndani ya mfereji. Ndala iliyochakaa inafanya kazi hiyohiyo. Kata vipande vya unene wa mm 4 na urefu wa sentimita 1, weka viwili kila upande wa kusimama kabla ya kubana fremu kwa klempu. Vinaminyika paneli ikitanuka, vinaisukuma irudi ikisinyaa, na mlango hauchezi ukiufunga kwa nguvu.

Na paneli ipigwe vanishi kabla ya kuingia kwenye fremu, hadi kwenye ulimi. Mlango uliopigwa vanishi baada ya kuunganishwa unaonekana umekamilika hadi kiangazi kinapofika. Paneli inasinyaa, na kando ya fremu unachomoza mstari mweupe wa mbao isiyoguswa na brashi, mm 1 au 2, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Hakuna namna ya kuufuta kwa uzuri.

Kwa vanishi yenyewe, sila (ya kuzibia vinyweleo vya mbao) na vanishi za NC (nitroselulosi) hukauka haraka, na kwa karakana yenye vumbi hiyo ni faida kubwa. Kasoro yake ni unyevu: ukipuliza siku ya mvua inaweza kuacha ukungu mweupe juu ya mbao. Poliuretheni hukauka polepole lakini huvumilia maji na mvuke wa sufuria vizuri zaidi, kwa hiyo milango ya karibu na jiko na sinki naipa hiyo. Kwa waliojenga karibu na maji, Kirumba, Bwiru, Luchelele, polepole hiyo ina gharama yake: wadudu wa ziwani wakitoka makundi jioni wanafuata taa, na taa ya banda lako iko juu ya mlango uliotoka kupakwa. Paka asubuhi, au zima taa na ufunge mlango wa banda kabla jua halijazama.